Mtoto wa Ukingoni mwa Shimo Jeusi

Sogeeni karibu. Leo nina fumbo linaloninyima raha, na sitaki kulibeba peke yangu.

Huko anga za mbali waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Chausiku alikuwa fundi wa vipimo pacha: hata ukivitenganisha mbali vipi, ukija kulinganisha majibu ya vyote viwili utayakuta yanapatana. Mwavita alikuwa rubani asiyejua woga. Hidaya, kitinda mimba, alikuwa na subira ya kuyasoma majibu hayo.

Basi chombo alichopanda Siwema, mja mzito, kikanaswa karibu na shimo jeusi. Ukingo wa shimo hauonekani kwa macho, na injini ilikuwa hoi. Nahodha angekosea njia mara moja tu, wangepotea wote.

Chausiku akaunda vipimo pacha vya kuutafuta ukingo huo, usiku na mchana. Kazi ile ilimmaliza. Alifariki bila kuona matunda yake, wala hakuacha mtoto.

Mwavita akapeleka kipimo kimoja karibu na shimo, akimwahidi bintiye mchanga kwamba atarudi jioni. Lakini huko muda hujikokota. Kwake ilipita asubuhi moja. Aliporudi, bintiye alikuwa kikongwe asiyemtambua.

Hidaya akabaki na kipimo cha pili. Majibu ya asubuhi ile ya dada yake yalimfikia kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Kadiri Mwavita alivyolikaribia shimo, ndivyo mapatano yalivyofifia. Hidaya alidhani kipimo kimeharibika, nusura aache. Kisha akaelewa kuwa ni joto la shimo na mvuto wake vinavyoyaua, na pale yanapokufa ndipo pa kukwepa. Akamwelekeza nahodha. Kufikia hapo alikuwa ajuza, hajaolewa.

Siwema, ambaye kwake zilipita siku chache tu, akaokoka na kujifungua binti. Kwao, mtoto wa namna hiyo hupewa jina la aliyemwokoa, na huyo somo yake humlea kama wake.

Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina ilipofika, Siwema alikuwa hajalala wala hajala. Asipomtaja Chausiku, nani atamtaja tena?

Mwavita alilia alipomtazama mtoto. "Wangu nilimwacha akiwa hivi hivi," alisema.

"Mpe jina la dada Mwavita," Hidaya akamwambia Siwema. "Mimi nimeshazeeka." Lakini mtoto alikuwa mikononi mwake, na Mwavita aliponyoosha mikono kumpokea, Hidaya hakumwachia.

Watu wanangoja, na Siwema bado hajataja jina. Haya, nyinyi mliosikia yote: mtoto huyu mngemwita nani?