Sifuri Iliyojifanya O

Haya, sogeeni. Kuna kesi imenishinda, na nyie mnaojifanya majaji ndio mtanisaidia.

Katika kituo kimoja cha afya kule milima ya Upare kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Sista Eliwaza alikuwa na jicho: ukikosea kifungo kimoja cha shati, ameshakiona kabla hujakaa. Ombeni, karani, alikuwa na vidole: anachapa kompyuta macho yakiwa kwenye daftari, kioo hakitazami kabisa. Na Mbonea, mkulima wa tangawizi, alikuwa na damu, ile O hasi ambayo karibu kila mtu huweza kuongezewa, ila habari hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la kituo tu. Sasa mwanaume mzima yule, akiona sindano anazimia!

Mama Namkunda hakumwamini mtu pale, na Ombeni ndiyo kabisa. Si ndiye aliyeleta posa kwa binti yake Namkunda miaka mitatu nyuma, na mama mtu akairudisha? Basi siku Namkunda alipojifungua mtoto wa kike na damu ikakataa kusimama, mama akamwona Ombeni amekaa kwenye kompyuta, akasogea karibu amchunge.

Akiba ya damu imekwisha, gari la wagonjwa limeshuka bondeni, na inatakiwa O hasi upesi. Ombeni akafungua orodha ya wachangiaji wa kundi O. Majina arobaini, na mbele ya kila jina, 0 tu, wakaisoma O. Hakuna chanya wala hasi, hakuna hata namba ya kitongoji.

"Umefuta!" Mama Namkunda alifoka. "Umefuta makusudi ili mwanangu afe!"

"Mama, haki ya Mungu, niliandika kila kitu kama kilivyokuwa daftarini."

"Daftari liko wapi?"

"Limeliwa na mchwa."

"Mchwa! Madaftari yote haya, wakachagua hilo hilo?" Akawageukia waliokuwepo. "Atakayemwokoa Namkunda, mtoto huyu atabeba jina lake. Mmenisikia wote."

Sista Eliwaza akainamia kioo. "Hebu ngoja. Majina yamekaa kushoto, hizi zimebanana kulia. Kompyuta huweka namba kulia. Hizi si O, ni sifuri. Ombeni, mashine yako imepiga hesabu!"

Ombeni akashika kichwa. Daftari la zamani lilianza na alama ya chanya au hasi, kisha kundi, kisha kitongoji: -O4. Na kompyuta ikikuta alama ya kujumlisha au kutoa mwanzoni, haiulizi, inajua umeipa hesabu. Ikadhani O4 ni anwani ya kisanduku chake, ikaenda safu ya O, mstari wa nne, ikakuta patupu, ikarudi na sifuri. Akaanza kubofya moja moja, akisoma ule mstari wa juu unaoonyesha kilichochapwa. Jumlisha. Jumlisha. Jumlisha tena. Ya thelathini na moja ikasoma =-O4. Mbonea, kitongoji cha nne.

Mbona amejua mara moja kwamba siri iko kwenye mstari wa juu? Mama Namkunda aliliweka hilo moyoni.

Mbonea alipigiwa simu, akaja mbio na udongo wa shamba miguuni. Alipoiona sindano akashika ukuta. "Nilazeni, nifungeni macho, chukueni tu," akasema. Wakapima damu kwanza, ikakubaliana na ya Namkunda. Alizimia mara mbili, na kila akizinduka akauliza kama imetosha. Namkunda akapona.

Sasa ndipo kasheshe. Manesi wakasema jina ni la Eliwaza, maana bila jicho lake wangekuwa bado wanazikodolea macho zile sifuri. Wakulima wakasema la Mbonea, kwani mishipani mwa Namkunda inapita damu ya nani? Karani mwingine wa kituo akasema la Ombeni, ndiye aliyemtoa Mbonea mafichoni. "Aliyemficha ni nani?" Mama Namkunda akamkata kauli.

Namkunda akafumbua macho. "Mama, mwanangu umempa jina gani?" Kisha akatazama mlangoni. "Na Ombeni analia nini pale?"

Mama akamgeukia Ombeni. Machozi yale ni ya mtu aliyekosea bila kukusudia, au ya mtu aliyetenda makusudi na sasa anatubu? Angempa aibu mtu asiye na hatia, au angempa mjukuu wake jina la adui?

Msijibu kwa pupa. Jina hilo litaitwa kila asubuhi, na wa kuliita ni bibi yake. Je, ungekuwa wewe ndiye umempakata mtoto huyo, ungemwita nani?