Safu Saba za Gulio la Vyungu

Aliyevuliwa sokoni havikwi chumbani. Vijana huisikia methali hii pale mtu anapotaka kuomba radhi kwa siri kwa kosa alilolitenda hadharani, nao huuliza ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, katika gulio la Mkwandu, chini ya milima ya Upare, wala si zamani sana.

Katika gulio hilo ilikuwapo sheria ambayo hata mtoto wa mgongoni alikua akiisikia. Chungu hupimwa kwa sauti. Mnunuzi hukigonga kwa kifundo cha kidole; kikilia wazi ni kizima, kikikoroma kina ufa. Basi mtu akitangaza kwamba chungu cha mwenzake kina ufa, kisha kikagongwa kikaonekana kizima, mtangazaji hukibeba kichwani bila ngata ya kutulizia mzigo, na kukizungusha safu zote saba za gulio. Katika kila safu hukitua, hukigonga mara tatu, na kusema, "Nilisema kina ufa. Sikilizeni wenyewe." Mwisho hukirudisha mikononi mwa mwenyewe. Hapakuwa na faini wala fimbo. Lakini hapakuwa na ruhusa ya kuacha safu hata moja, kwa kuwa neno baya halichagui safu ya kusimama.

Naelijwa alilelewa katika sheria hiyo na bibi yake, Nanzia, mfinyanzi wa safu ya saba. Alikuwa na miaka kumi na sita, yu kidato cha nne, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza majuma matano. Alipokuwa mchanga, uji wa moto ulimwunguza nusu ya kichwa, na hapo nywele hazikuota tena. Tangu alipopata akili alivaa kilemba nyumbani, shuleni na kanisani. Waliojua sababu hawakuisema, na wasiojua hawakuuliza.

Alhamisi moja alifika gulioni na chungu kikubwa kichwani. Alipokitua, ngata ilinasa kwenye kilemba, vikaanguka vyote viwili. Aliinama, akaokota, akajifunika. Ulikuwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, lakini ulitosha. Katika safu ya jirani alisimama Namkunda, mwanafunzi mwenzake, simu mkononi, akipiga picha vyungu vya mama yake ili awatumie wanunuzi wa mjini. Akaigeuza simu upande wa Naelijwa. Kisha akaipeleka picha ile katika kundi la vijana, na chini yake akaandika: "Chungu chenye ufa hakiuziki."

Asubuhi ya Ijumaa Naelijwa aliingia darasani, na mtu mmoja akagonga dawati lake kwa kifundo cha kidole mara tatu. Mwingine akaitikia kwa nyuma, naye akagonga. Halafu darasa zima.

"Kinalia au kinakoroma?" sauti moja iliuliza.

"Mfunue kwanza tusikie vizuri."

Hakungoja kengele. Alirudi nyumbani, akavua sare, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Bibi yake alipomwuliza, alijibu kwamba shule imekwisha, wala hatafanya mtihani wowote mbele ya watu wale.

Jumamosi, Bibi Nanzia alimkuta ameinamia simu, machozi yakidondokea kioo.

"Unaandika nini?"

"Namjibu. Baba yake alifukuzwa kazi kwa ulevi, Bibi. Na watu wajue."

"Chungu cha mwenzako ukikivunja, ufa wa chako huzibika?"

Naelijwa akafuta aliyoyaandika. "Basi nifute yote," alisema. "Na picha, na matusi yao. Nisiyaone tena."

"Hapana. Mfinyanzi hatupi vigae kabla shauri halijaamuliwa. Ukitupa vigae, kesho wataniambia hapakuwa na chungu. Viweke mahali usipoviona, ila viwepo. Nani shuleni anaweza kuvitunza?"

Naelijwa alifikiri, akamtaja Mwalimu Elieshi, aliyesimamia malezi ya wanafunzi. Bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika simu ila kwa kupokea salamu, alijifunga kanga na kwenda naye nyumbani kwa mwalimu siku ileile. Mwalimu alinakili kila ukurasa pamoja na majina, tarehe na saa. Alimwonyesha Naelijwa jinsi ya kuwafungia njia wale waliomtumia matusi, na akafuatilia picha ilikopita. Ilikuwa imekwisha kuingia makundi manne.

"Umefanya vema kusema," alimwambia. "Jumatatu nitamwita Namkunda pamoja na mama yake."

Habari ya mwito ule ilimfikia Namkunda mapema. Jumapili baada ya ibada alibisha hodi kwa Bibi Nanzia, na alipokaribishwa alipita moja kwa moja hadi chumbani alikolala Naelijwa, akarudisha mlango nyuma yake. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Shoga, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa utani. Sikujua utasambaa vile."

Alifungua gazeti. Ndani yake kulikuwa na kilemba kipya cha zambarau, laini, kizuri kuliko chochote alichowahi kukivaa Naelijwa.

"Kichukue. Tuyamalize sisi wawili tu, mwalimu asihangaike."

Naelijwa alikishika. Alikuwa amechoka, na kusamehe kulionekana kama kulala usingizi. Akafumbua kinywa ili akubali.

"Fungueni huo mlango," alisema Bibi Nanzia, aliyekuwa uani akichekecha udongo.

Namkunda alifungua, na Bibi alipoingia akampigia goti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Zawadi, Bibi. Nimekuja kumwomba radhi mwenzangu."

"Ni jambo jema. Ulimkosea wapi?"

Namkunda alitazama sakafu. "Kwenye simu."

"Watu wangapi walikuwamo?"

"Mia moja arobaini na watatu. Katika kundi la kwanza."

"Na hapa chumbani tumo wangapi?"

"Watatu, Bibi."

"Wewe ni mtoto wa wafinyanzi," alisema Bibi Nanzia, wala hakupaza sauti. "Umetangaza kwamba chungu cha mtu kina ufa. Sheria unaijua."

"Lakini sikusema sokoni, Bibi. Nilisema kwenye simu tu."

"Simu yako inabeba watu wengi kuliko safu yetu siku ya gulio, nawe waiita 'tu'? Kunja kitambaa chako, mwanangu. Aliyevuliwa sokoni havikwi chumbani." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Mwenye chungu ni wewe. Ukisema yaishie hapa, yataishia hapa. Sitakutoa mbele za watu kwa nguvu. Unasemaje?"

Naelijwa alikitazama kile kilemba. Alikumbuka madawati. Akakirudisha.

"Azungushe," alisema. "Makundi yote na safu zote. Lakini picha yangu asiionyeshe tena, wala kichwa changu asikieleze. Aseme alilolitenda yeye."

Jumatatu, mbele ya mwalimu na mama yake, Namkunda alikiri, akaikubali hukumu. Aliandika katika kundi la kwanza, kisha la pili, la tatu na la nne: "Mimi Namkunda nilimpiga mwenzangu picha bila idhini yake, nikaisambaza na kumdhihaki. Kosa ni langu. Ifuteni, msiitume tena." Katika kundi la tatu mtu asiyemjua alimjibu kwa tusi zito, na Namkunda akalia. Naelijwa alipoonyeshwa, hakuona furaha aliyoitazamia. Mwalimu aliwaandikia viongozi wa makundi, nao wakaiondoa picha. Hakumficha Naelijwa ukweli: huenda ikabaki simu moja iliyo nayo. "Lakini sasa kila aliyeiona anajua ni aibu ya nani," alisema. Waliogonga madawati nao waliitwa mmoja mmoja pamoja na wazazi wao.

Hata hivyo sare ilibaki chini ya sanduku.

Alhamisi gulio lilijaa. Namkunda alitwikwa chungu alichokifinyanga Naelijwa kwa mkono wake, akakibeba bila ngata. Akaanza safu ya kwanza. Alikitua, akakigonga mara tatu, kikalia wazi. "Nilisema kina ufa. Sikilizeni wenyewe." Wafinyanzi waliacha kazi wakasikiliza, kama desturi ilivyotaka. Safu ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Katika safu ya tano sauti ilimkauka.

"Kaza sauti, binti," alisema mama mmoja nyuma ya mitungi. "Siku ile ulisikika."

Akarudia kwa sauti.

Alipofika safu ya saba shingo ilikuwa ikitetemeka. Naelijwa alisimama pale karibu na bibi yake. Alikuwa amevaa sare ya shule, nayo bado ina mikunjo ya sanduku. Namkunda alikitua chungu miguuni pake, akagonga, akasema maneno yake mara ya mwisho. Halafu akachomoa kile kilemba cha zambarau kiunoni mwake, akakitoa kwa mikono miwili.

"Naomba radhi," alisema, "mbele ya hawa wote."

Naelijwa alikipokea. Akakifunga juu ya kile cha zamani palepale katikati ya vyungu, bila haraka, akaikaza ncha yake, akainama na kukigonga chungu chake mwenyewe mara moja.

"Ni kizima," alisema.

"Basi deni limekwisha," alisema Bibi Nanzia. "Mtu asimdai tena Namkunda. Nanyi wawili, kesho ni Ijumaa. Kuna shule."

Ndiyo maana watu wa Mkwandu, mtu akija kwao kwa kunong'ona kutengeneza alichokiharibu kwa kelele, humfungulia mlango, humwonyesha njia ya gulioni, na kumwambia: aliyevuliwa sokoni havikwi chumbani.