Moto wa Nyumba ya Minza

Tulieni, wana wa Ukumbili, na wewe uliyeketi hapo mlangoni acha kutafuna, maana jina nitakalolitaja halitajwi mdomo ukiwa umejaa. Zamani, kabla koo zetu hazijajua kuitana ndugu, alizaliwa Luhende mwana wa Kapela, Kapela mwana wa Shija, Luhende Fahali wa Bondeni, Luhende Mvunja Ngome, aliyeng'oa nguzo za lango la adui kwa mikono yake akazibeba begani hadi kwao. Huyo ndiye mtemi wetu wa kwanza. Nampenda, na bado sijamsamehe.

Siku zile kila ukoo ulikuwa na moto wake, na mtu aliyezimikiwa na moto angeona heri alale njaa kuliko kuomba kaa kwa jirani wa ukoo mwingine. Watu walichomana mikuki kwa ajili ya makaa, nyie! Luhende aliwashinda wote, lakini alijua nguvu za mwili huzeeka, ndipo akaweka sheria kwamba kila mwaka, kabla ya kupanda, mioto yote izimwe, naye apekeche moto mpya ikuluni, na kila nyumba ichukue kwake. Akatamka: "Atakayebakiza moto wa zamani amejitenga nasi." Watu wakatii, mikuki ikatundikwa, na watoto wa koo zilizochukiana wakaoana.

Basi mwaka mmoja mvua iliwahi. Mioto imeshazimwa, Luhende akapekecha mpaka viganja vikachubuka, lakini kuni zilikuwa zimelowa na moto ukakataa kushika. Nchi nzima ikajikunyata kwa baridi. Ndipo Nkwabi, mkuu wa ukoo wa wahunzi, aliyekuwa wa mwisho kuikubali sheria ile, alipoona moshi mwembamba ukitoka katika nyumba ya Minza, binti pekee wa mtemi, aliyekuwa amejifungua juzi tu.

Wakuu wa koo wakamfuata Luhende hadi kwa binti yake. Walisubiri waone atafanya nini, na kila mmoja alijua kwamba moto ule ukiachwa, kesho kila ukoo utawasha wa kwake na vita vitarudi. Minza alikuwa amempakata mtoto karibu na makaa.

"Baba," alisema, "mjukuu wako anatetemeka. Niachie mpaka asubuhi tu."

Ole wetu! Luhende aliinua mtungi wa maji akaumwaga motoni kwa mkono wake mwenyewe. "Sheria niliyowapa watoto wenu ndiyo ninayompa wangu," akatamka. Kisha akavua vazi la utemi, akawafunika mama na mtoto, akatoka na kuketi chini ya upenu, akipekecha bila kupumzika. Kulipopambazuka moto ukashika. Akaukimbiza ndani kwa Minza, yeye wa kwanza katika nchi yote. Mtoto alikuwa ameshakata roho.

Minza alipokea chungu cha moto kwa mikono miwili, akapiga magoti kama mgeni. "Asante, Mtemi," akasema. Hakumwita baba tena.

Nchi yetu iliungana kweli siku ile, na naona uchungu kulisema. Nkwabi alilia mbele za watu mpaka akashikwa mikono. Luhende akasimama kaburini, akatoa tamko lake la mwisho: nyumba yenye mtoto mchanga isizimwe moto kamwe, na jirani wa ukoo mwingine ndiye aulinde. "Laiti ningeyasema haya jana," akasema. Akaelekea porini, hana silaha, hana moto, hana vazi. Watu walimfuata wakimlilia arudi, hakugeuka. Nyayo zake walizifuata hadi mtoni, na ng'ambo ya pili hawakuona hata moja.

Mwaka niliomzaa kifungua mimba wangu, mvua iliwahi pia. Mioto ya kijiji kizima ilizimwa, wetu ukabaki. Mlangoni aliketi mzee wa ukoo ambao sisi hatukuwa tukisemezana nao, amelowa chapachapa, akiwazuia hata watoto wasipige kelele. Nilimnyonyesha mwanangu penye joto, nikamlilia yule mwingine, ambaye hata jina hawakuwahi kumpa.