Fisi Adai Kadi Nyingi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakipigiana hodi kabla ya kulana, alikuwepo Bi Kindi, mama kijana mwenye watoto watatu na roho nyepesi. Jani likianguka tu, moyo wake ndu! ndu! ndu!

Asubuhi moja alikuwa akicheza kadi na wanawe. Walikuwa wamezikata wenyewe kwenye boksi, kadi arobaini, namba moja mpaka kumi, kila namba mara nne. Mchezo huo hauna kungojana zamu: ikilala tano chini, anayewahi anaiwekea nne au sita, pa! Anayemaliza kadi zake kwanza ndiye mshindi.

Mara, gwa! gwa! gwa!

"Hodi humu!"

Mama yangu, sauti hiyo! Bi Kindi akawasukuma watoto nyuma yake, akachungulia. Fisi! Kaujaza mlango wote, na mlango ni huo huo mmoja. Kando yake mama mkwe wake, kajifunga kanga mbili, kakalia kigoda alichobebewa na Fisi mwenyewe.

"Bibie, nimetembelewa na mkwe, na nyumbani hakuna kitoweo. Nitolee hao watatu."

Bi Kindi akatazama huku na huku, pa kutokea hakuna. Lakini aliona kitu: kila yule mama akikohoa, Fisi anainama mpaka pua inagusa vumbi. Akaropoka haraka haraka, kabla woga haujamfunga mdomo:

"Karibuni jamani, shikamoo Mama, pole na safari, ila Bwana Fisi, wanangu nawatoaje hivi hivi, tucheze kadi basi, ukishinda wachukue na mimi juu yao, nikishinda mnakwenda zenu, na Mama awe mwamuzi!"

"Marahaba, mwanangu," akasema mama mkwe. "Unachezwaje huo?"

"Unaweka juu moja au chini moja, Mama, na anayemaliza kadi kwanza..."

"Nimekubali!" akadakia Fisi, mate yanamchuruzika, macho kwa watoto. "Gawa!"

Bi Kindi akaanza kugawa. Moja kwako, moja kwangu, moja kwako...

"We! Sawa kwa sawa? Mimi na wewe? Kwa mwili huu?"

"Basi chukua mbili."

"Ongeza!"

"Jamani, Bwana Fisi, utaniachia nini?"

"Ongeza, nimesema! Mkwe wangu anatazama!"

Alipotosheka, Fisi alikuwa na kadi thelathini na nne: za mikononi, za kwapani, nyingine kazibana kwa meno. Bi Kindi alikuwa na tano. Iliyobaki moja, yenye namba mbili, ikalazwa chini.

Tunu, kitinda mimba, akashangaa. "Mama, mbona yeye ana..."

Akafinywa na mamaye. "Aii!"

"Haya!" akasema mama mkwe.

Pa! Tatu. Pa! Nne. Pa! Tatu. Pa! Mbili. Zote za Bi Kindi! Fisi bado anapekua, kadi zinamwanguka puku, puku, puku.

Bi Kindi akabaki na moja tu, nane, na chini imelala mbili. Fisi akiweka namba moja, ataingojea saba mpaka lini?

"Zimepatikana!" Fisi akanguruma, akazitema. "Tatu! Nne! Tano! Sita! Saba! Umeona, Mama?"

Pa!

"Nane," akanong'ona Bi Kindi. "Nimemaliza."

"Nini? Mimi ninazo tele!"

"Ndiyo maana umeshindwa," akasema mama mkwe.

Fisi akaruka mlangoni, makucha nje.

"Mkwe!"

Neno moja tu. Fisi akafyata mkia, akaokota kadi zote, akazirudisha kwa mikono miwili.

"Samahani, bibie. Tulipita tu kuwasalimu." Akajitwika kigoda, akamfuata mkwe wake, tumbo linanguruma njia nzima.

Basi watoto, kabla hamjadai fungu kubwa, ulizeni kwanza ni la nini.