Kibuyu cha Zimwi

Mpo macho? Basi itikieni! Zimwi lilimletea Chengo, mpiga ngoma, kibuyu cha pombe isiyokwisha. Chengo akanywa bila kungoja mgeni aonje. Funda la kwanza, akasahau ngoma. La pili, akasahau njia ya kwake. La tatu angemsahau mwanawe, zimwi limbebe likamle!

Mkewe, Nyamvula, akafika mbio, akaliambia zimwi: "Shemeji, kwetu mwenye pombe huonja kwanza!"

Zimwi likaona haya, likanywa. Funda la kwanza, likasahau kwao. La pili, likasahau jina lake. La tatu, likasahau kwamba hula watu!

Nyamvula akavunja kibuyu, akalikabidhi zimwi mchi. "Haya, twanga!"

Linatwanga mpaka leo. Chengo alifundishwa ngoma upya na mwanawe. Akikaribishwa pombe, hucheka: "Kwanza muulizeni yule anayetwanga, alikuwa nani?"