Chokaa katika Yadi ya Mwaisela

Rangi hunyamaza, chokaa husema. Mmeisikia leo sebuleni, wageni wa posa walipomaliza kusifu suti ya kijana wao, gari lake na simu zake mbili. Shangazi yenu Tumpe aliweka kikombe chini, akatamka maneno hayo manne, akaendelea na chai yake. Wageni walitazamana. Ninyi mkanifuata huku nyuma kuniuliza chokaa inahusiana nini na harusi ya dada yenu.

Methali nyingi hazijulikani zilikotoka. Hii ina siku yake na mahali pake, na mimi nilikuwepo. Aliyeisema leo ndiye aliyeianzisha. Ilikuwa hivi.

Miaka kumi na tisa iliyopita Tumpe alipata kazi ya kubeba sampuli za damu kutoka vituo vinne vya afya huku milimani Rungwe hadi maabara ya hospitali kule mjini. Masharti yalikuwa mawili: awe na pikipiki yake mwenyewe, na sampuli zifike kabla ya saa sita mchana, kwa sababu zikichelewa huharibika na mgonjwa hutolewa damu upya. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu.

Baba yetu aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili pikipiki ipatikane. Zizini walikuwa hao hao wawili. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kujaribu mara ya pili. Pikipiki ikiwa mbovu, kazi ingepotea, na zizi lingebaki tupu.

Watu walimshauri anunue pikipiki ya kawaida ya bodaboda. Alikataa, na hoja yake ilikuwa sahihi. Mzigo wake ulikuwa boksi moja dogo la ubaridi, si abiria wala magunia. Njia ilikuwa ya lami tupu, ndefu, yenye miinuko na kona nyingi. Alihitaji pikipiki nyepesi, yenye nguvu ya kupanda na breki za kuaminika, zile ambazo mwendeshaji huinama kidogo mbele na tangi limebinuka kama nundu. Si zile kubwa za mashindano. Zile ndogo za aina hiyo, anazoweza kuzimudu mtu anayeanza.

Jumamosi asubuhi tulikwenda yadi ya Bwana Mwaisela. Zilikuwepo mbili za aina hiyo. Moja nyekundu, inang'aa hata pasipo jua. Ya pili ya bluu, tangi limekwaruzwa ubavu mzima, kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Bei zilikaribiana.

Mwaisela alikuwa mtu mcheshi, na nataka niwe wa haki kwake: sikuwahi kuthibitisha kwamba alijua kasoro iliyokuwepo. Alinunua pikipiki kwa watu, akauza kwa watu. Hapo yadini alikuwepo pia Ambakisye, dereva aliyesifika mji mzima kwa kuijua pikipiki kwa sikio. Desturi ya mji wetu ilikuwa hiyo: ukitaka kununua, unamleta mtu mwenye sikio, anapiga resi, anafumba macho, anatoa hukumu.

Tumpe hakuanza na sikio. Alianza na kiganja. Aliiwekea injini ya ile nyekundu mkono ili ahakikishe ni ya baridi, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Ilikuwa baridi, na ikawaka mara moja. Kisha akaikalia, akapima kama nyayo zake zote mbili zinafika chini. Akakaa hivyo hivyo, ameshika usukani, muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Dada, imekulaza usingizi?" Ambakisye alimuuliza.

"Naviuliza viwiko. Kila siku nitakaa hapa kwa saa tatu nzima."

"Vimesemaje?"

"Bado havijalalamika."

Akafunga boksi la ubaridi nyuma, akaona linakaa. Akaibana breki ya mbele huku akiisukuma pikipiki, akatazama matairi, akageuza usukani kushoto na kulia. Ambakisye akawaambia wenzake, kwa sauti ya kutaka asikike, kwamba hata mahari haikaguliwi hivyo.

"Mahari ina siku ya kurudishwa," Tumpe alisema bila kugeuka. "Hii haina."

Ile nyekundu ilifaulu yote. Ambakisye akapiga resi, akafumba macho, akasema injini ni nzima. Na ilikuwa nzima kweli. Mimi nilishaanza kuipenda. Nilimwambia dada yangu tulipe twende, mvua inakuja.

Ndipo akamwomba Mwaisela koleo moja la chokaa. Yadi ilikuwa inapigwa chokaa ukutani siku hiyo, na mfuko ulikuwa umefunguliwa.

"Ya nini, mwanangu?" Mwaisela akacheka. "Unataka kunipakia ukuta nikupunguzie bei?"

Tumpe alimwaga chokaa kavu mlangoni pa yadi, ukanda wenye upana wa hatua mbili, pale panapoanza lami. Nami ndipo nikakumbuka. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa akichora mistari ya uwanja wa mpira kwa toroli la chokaa lenye gurudumu moja mbele na moja nyuma. Siku moja ng'ombe alilikanyaga. Tangu hapo toroli lilikwenda vizuri tu, halikulia, halikuyumba, lakini gurudumu la nyuma lilipita pembeni ya mstari uliochorwa na la mbele. Mwalimu wa michezo alimrudishia uwanja mzima auchore upya. Dada yangu hakulisahau somo lile: kitu kinaweza kwenda vizuri na bado hakiko sawa.

Aliishika nyekundu, akaisukuma polepole akiwa wima kandokando yake, ikapita juu ya chokaa na kuingia lamini. Sote tukasogea.

Lamini kulikuwa na alama mbili. Tairi la mbele lilikuwa na njia yake. La nyuma, ambalo lilipaswa kukanyaga juu ya njia ile ile, lilipita kulia kwake kwa upana wa vidole viwili.

"Umeisukuma vibaya," Mwaisela alisema.

"Inawezekana, mzee. Basi asukume Ambakisye."

Ambakisye aliifuta chokaa matairini, akaiendesha mwenyewe, taratibu, kifua mbele. Alama mbili. Akarudia. Alama mbili, na vidole vilikuwa viwili vile vile.

"Gurudumu la nyuma limekazwa upande," Ambakisye alisema. "Jambo la spana, dakika tano."

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na Tumpe aliiheshimu. Alichuchumaa, akatazama alama za kukazia mnyororo pande zote mbili. Zililingana.

"Njoo uhesabu na wewe," alimwambia.

Ambakisye alihesabu. Zililingana kwake pia.

"Kama gurudumu limekaa sawa," Tumpe alisema, "basi kilicholibeba ndicho kimepinda. Tungetoa tangi tukaona."

Mwaisela alikuwa ameacha kucheka. Angeweza kukataa, na nampa sifa kwamba hakukataa. Alimpa Ambakisye spana. Tangi lilipotoka tuliona pale fremu inaposhikana na usukani: mshono wa kuchomelea, mnene kama kidole gumba, umepakwa rangi nyekundu nzuri juu yake. Pikipiki ile iligonga kitu siku moja, kwa nguvu sana. Ikachomelewa, ikapakwa rangi. Kwa mwendo wa mjini isingekudhuru. Kwenye kona za mlimani, kwa kasi, lami ikiwa imelowa, ingekuvuta upande ambao hukuutaka.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Hakuna aliyeikimbia.

"Sikio langu halikusikia hilo," Ambakisye alisema hatimaye.

"Halikuwa la kusikika, kaka. Sikio lako limesema kweli kuhusu injini. Hili si la injini."

Kisha, kabla chokaa haijalowa, akaichukua ile ya bluu, yenye tangi lililokwaruzwa. Akaikagua kuanzia mwanzo: kiganja, nyayo, viwiko, boksi, breki, matairi, usukani. Injini yake iliwaka mara ya pili, si ya kwanza, na aliisema kasoro hiyo waziwazi. Akaisukuma juu ya chokaa.

Mstari mmoja. Njia ya mbele ilizikwa ndani ya njia ya nyuma kama mkono ndani ya shati.

Mwaisela aliutazama mstari ule, akaitazama nyekundu na tangi lake likiwa chini. Akasema, taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Rangi imeninyamazia miezi mitatu. Chokaa imesema kwa hatua mbili."

Ndiyo, maneno ya mwanzo yalikuwa ya Mwaisela. Tumpe aliyakata, yakawa manne, akaanza kuyatumia.

Jumatatu ile saa tano na robo sampuli zilikuwa mezani maabara. Kulinyesha njia nzima. Mwaka wa kwanza hakuchelewesha sampuli hata siku moja, na mwaka wa pili akarudisha ng'ombe wawili zizini kwa Baba. Mmoja alikuwa na mimba, kwa hiyo ukitaka hesabu kamili, alirudisha watatu.

Mwaisela naye aliitoa nyekundu kwenye safu, akaiuza vipuri. Akanunua mfuko wa chokaa, akachora ukanda wa kudumu mlangoni. Wenzake walimcheka kwamba anafukuza wateja. Kinyume chake, watu wakaanza kutoka hadi ng'ambo ya mlima kuja kununua kwake, na neno lao la kwanza lilikuwa: rangi tumeiona, chokaa iko wapi? Hata Ambakisye alipokwenda kwa wateja wengine, alikwenda na sikio lake na kikopo cha chokaa mfukoni.

Hivyo ndivyo neno la yadini lilivyofika sebuleni.

Gwantwa, wewe unauliza shemeji yako mtarajiwa atasukumwa wapi. Shangazi yako ameshapanga. Amemwomba kijana aje kesho kutwa asubuhi, bila suti, asaidie kukata majani ya ng'ombe kule mteremkoni, akiwa na baba yake mzazi. Shangazi anataka kuona kijana anavyosema na baba yake mvua ikiwanyeshea na mzigo ukiwa mzito. Huenda kijana ni mzima kabisa. Chokaa haimchukii mtu. Hata ile pikipiki ya bluu, chokaa iliisifu.

Sikilizeni, shangazi yenu anaondoka na bluu yake ile ile. Injini hiyo imefunguliwa mara mbili tangu siku ile. Fremu haijaguswa. Nendeni mbele ya nyumba mtazame tope alipopita, kuanzia mlangoni hadi barabarani, kisha mje mniambie mmeona mistari mingapi.

Mmoja. Nilijua.

Rangi hunyamaza, chokaa husema.