Majani ya Bi Somoe

Waridi lina siku, jani lina mwaka.

Mmeisikia juzi ikisemwa, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza ilitoka wapi. Vizuri, ila simu wekeni chini kwanza. Methali hii haikuzaliwa kitabuni. Ilizaliwa Pangani, mtaa wa nyuma ya soko, uwanjani kwa mwanamke aliyeitwa Somoe, nayo ilianza hivi.

Somoe alikuwa mama wa kambo. Aliolewa na mgane mwenye binti wa miaka miwili, Sihaba, akamlea kwa mikono yake: akamwogesha, akamsuka, akamuuguza homa, mpaka binti akaposwa, harusi ikawekwa baada ya miaka mitatu. Somoe mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Posa ilipokubaliwa alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba Sihaba atoke kwenda kwa mumewe kupitia mlango wake.

Kizuizi kilikuwa Bi Mwajabu, shangazi yake Sihaba. Mnawajua mashangazi. Huyu alikuja sikukuu hadi sikukuu, amejitanda kanga mpya na zawadi mkononi, na alipoondoka nyumba nzima ilibaki ikimsifu. Naye alitaka harusi iwe kwake. Desturi ya mtaa ilimpa nafasi, maana siku saba kabla ya harusi kina mama wa upande wa bwana harusi huja kutazama uwanja wa nyumba ya bi harusi. Wasipouridhia, harusi huhamia nyumba nyingine ya ukoo, na hakuna wa kubisha.

Uwanja wa Bi Mwajabu ulikuwa na miwaridi. Uwanja wa Somoe ulikuwa na kivuli cha mshelisheli. Miwaridi mitatu aliyoipanda pale ilirefuka ikitafuta jua, kisha ikafa bila kutoa hata ua moja. Somoe alilia siku nzima. Ya pili yake akajifuta machozi, akaanza kutafuta majani.

Alichagua kwa namna yake. Popote alipoona jani geni, iwe ukingoni mwa kijito au kwenye nyumba iliyohamwa huko mashamba ya mkonge, aliomba kipande cha shina, akakiotesha kwenye kopo, akakiweka chini ya mshelisheli miezi mitatu. Lililopauka kivulini alimpa jirani. Lililozidi kukoza rangi alilipa nafasi. Hivyo ndivyo alivyopata gimbi jeusi lenye majani makubwa kama sinia, akalipanda nyuma. Mbele yake akapanda majani mekundu yenye ukingo wa njano, na karibu na kizingiti vijani vyeupe vyenye mishipa myekundu, vyembamba hata mwanga ukipita unauona.

"Magimbi mbele ya nyumba!" Bi Mwajabu alisema alipopita. "Wifi, unaalika watu au unaalika mbuzi?"

Wapita njia wakacheka. Somoe akacheka nao, kisha akaingia ndani akauma upindo wa kanga. Jioni akamwagilia majani yake kama kawaida.

Tusimnyime Bi Mwajabu haki yake, kwa miwaridi alikuwa fundi. Alihesabu siku, akaipogoa ili ichanue wiki ileile ya kutazamwa uwanja, na kweli ikachanua. Lakini zikiwa zimebaki siku mbili uwanja utazamwe, babu yake bwana harusi akafariki, mzee aliyekula chumvi nyingi. Wazee wakaamua harusi ingoje mpaka arobaini ipite.

Hapo ndipo Bi Mwajabu alipokosea. Angeipogoa tena siku ileile, ingemchanulia upya kwa wakati. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini mkono ulimkataa kukata maua yaliyochanua. Akayaacha, akawa anayatazama kila asubuhi. Jua la kaskazi likayamaliza.

Arobaini ikapita, na siku ya kutazama uwanja ikafika. Mama wa bwana harusi, Bi Kibibi, akaja na wanawake sita. Bi Mwajabu aliwawahi njiani akawapitisha kwake kwanza, akitumaini asumini moja mbili za pembeni zingemsitiri. Wakakuta vijiti vitupu vya miwaridi. Wakanywa kahawa kwa adabu, wakaaga, naye akafuatana nao hadi kwa Somoe.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni, karibuni," Somoe aliitikia, akitandika mkeka uwanjani.

Hakuna aliyeingia ndani. Jua la saa saba lilikuwa likichoma barabara, na pale uwanjani palikuwa na ubaridi na rangi tupu. Bi Kibibi akainama, akagusa jani jeupe kwa ncha ya kidole.

"Mkwe, haya ni majani au mmeyachora?"

"Ni majani. Maua yalinikataa."

"Msimu wake lini?"

"Hayana msimu. Yako hivi tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi!" Bi Kibibi akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. "Mimi hapa siondoki. Harusi ni hapa hapa."

Vigelegele vikapasuka. Somoe akalia tena, safari hii kwa furaha na mbele ya watu wote.

Kisha Bi Kibibi akatoa mkaja, ile nguo anayopewa mama wa bi harusi kwa uchungu wa kuzaa na taabu ya kulea. Mama mzazi alikuwa kaburini.

"Nimpe nani?" akauliza.

Macho yote yakamgeukia Bi Mwajabu, maana yeye ndiye damu. Somoe akainamisha kichwa. Bi Mwajabu akaupokea mkaja, akamwendea wifi yake akamfunga kiunoni.

"Mimi nilikuwa mtu wa sikukuu," alisema. "Homa, njaa, machozi ya usichana, vyote vilimkuta huyu yupo. Mama wa Sihaba ni huyu. Waridi lina siku, jani lina mwaka."

Wiki moja baadaye Sihaba alitoka kupitia mlango ule, Somoe kamshika mkono wa kulia, mkaja u kiunoni, na mtaa mzima ukapiga vigelegele hadi sokoni. Nanyi mkiisikia tena msicheke, mmfikirie yule aliyewalea siku zisizo na sherehe. Waridi lina siku, jani lina mwaka.